Seli Zilizojilisha

Ni nani aliyekuwa akizilisha seli zile? Nilikuwa nimezinyima estrojeni, homoni ya kike inayozikuza, kwa siku sita, na bado zilikuwa zikiongezeka.

Zilitoka kwa wagonjwa wa endometriosisi waliotoa idhini: tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, lakini imeota nje yake, hata kwenye utumbo. Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, anao ugonjwa huo. Alhamisi ya wiki iliyofuata angetolewa kizazi, na shangazi alikuwa amekwisha kumhakikishia kwamba mti ukikatwa shina, matawi hunyauka yenyewe.

Fundi wa maabara, tuliyemwita Mkaa kwa kuwa ndiye aliyechuja seramu, majimaji ya damu ya kulishia seli, kwa unga wa mkaa ili kuondoa homoni, aliitazama chupa yangu akacheka. "Profesa," akanitania, "umefunga mlango wa mbele, ukaacha wa uani wazi." Nilikuwa nimetumia maji mekundu ya kukuzia seli, na rangi ile yenyewe huiga estrojeni kidogo. Niliona haya, lakini pia nilishusha pumzi: kosa lilikuwa langu, si la seli.

Nikaanza upya kwa maji yasiyo na rangi. Siku ya sita nikainamia hadubini. Zilikuwa zimepunguza mwendo, hazikuwa zimekoma. Mkaa aliyapima maji mara mbili, na safari hii hakutania. Estrojeni ilikuwamo. Zilikuwa zikijitengenezea zenyewe. Alinieleza taratibu kwamba estrojeni huzichochea zitoe prostaglandini, kemikali ya maumivu na uvimbe. Prostaglandini nayo huziamuru zitengeneze estrojeni zaidi. Moja huiamsha nyingine, wala hakuna inayolala.

Alasiri ile nilimkuta dada nyumbani, sakafuni kando ya cherehani, magoti kifuani, gauni la mteja lingali chini ya sindano. Shangazi alikuwa akikunja nguo za kwenda nazo hospitali. Niliwaeleza yote, hata kosa langu, nikakiri kwamba chupa ya maabara si mwili wa mtu. Kisha nikaomba kuiona karatasi ya upasuaji. Ilitaja kizazi tu. Utumbo, ambao picha za daktari zilionyesha umeota tishu ile, haukutajwa popote.

Shangazi aliendelea kukunja. "Juzi tu nilikuwa nakufuta kamasi, leo unatutabiria."

Dada hakucheka. Aliniuliza kama tishu ambayo ingebaki kwenye utumbo ingeendelea kukua.

"Huenda."

"Huenda, au hujui?"

"Sijui, dada. Naogopa."

Alishika mguu wa meza ya cherehani, akajiinua polepole mpaka akasimama, jasho likimtiririka shingoni. Shangazi alimnyooshea mkono, hakuupokea.

"Shangazi, nguo hizo zirudishe kabatini. Alhamisi nitakwenda kuzungumza na daktari, basi. Sitolewi kizazi mpaka aniambie haya ya kwenye utumbo atayafanyaje."