Mazuku Aliyelala Bafuni

Fundi wa mwenye nyumba alifika saa nne asubuhi, akatoboa matundu manne ukutani, akatundika hita, akaunga bomba la gesi, na saa nne na dakika ishirini alikuwa ameshaondoka. Hakukaa hata kunywa chai. Marguerite alikuwa amekwisha kuimimina, kwa hiyo akainywa mwenyewe, vikombe viwili, akiitazama hita.

Ilikuwa hita ya gesi iliyojifanya meko ya kitajiri: kioo mbele, na nyuma ya kioo magogo matatu ya udongo yaliyopakwa rangi ya mti. Haikuwa na bomba la kutolea moshi. Fundi alisema ndivyo zinavyotengenezwa. Aliitundika chumbani kwa mtoto kwa sababu gesi ilipita huko, naye hakutaka kutambaa chini ya sakafu. Dirisha la chumba hicho lilikuwa limekazwa kwa skrubu, kisha skrubu zikapakwa rangi, tangu enzi za wapangaji ambao hakuna aliyewakumbuka. Hita yenyewe ilikuwa ya mtumba. Ndani ya magogo mlikuwa na manyoya ya paka, na nyumba hiyo haikuwahi kuwa na paka.

Mji wa Garland, Texas, ulikuwa unangoja barafu. Barafu ikaja kwa wakati, jambo ambalo mabasi ya hapo hayajawahi kufanya. Florent, mume wa Marguerite, aliambiwa asije kupanga makatoni ghalani. Marguerite aliambiwa wazee anaowaogesha wataogeshwa na wenzake waliolala hukohuko kazini. Shule ya Zoé, binti yao wa miaka saba, ilifungwa. Wote watatu wakajikuta nyumbani mchana, na kwa kuwa hawakuzoea, walipishana kwenye korido kwa adabu kama wageni wa hoteli. Kisha wakawasha hita. Moto ulikuwa wa manjano, mzuri, kama ule wa kwenye kalenda.

Kesho yake mchana Zoé akasema kichwa kinamuuma.

Mtu wa Goma, kama Marguerite, haelezwi habari za hewa mbaya. Kule mlima wa moto hupumulia chini ya ardhi, na pumzi yake hutoka kwenye nyufa za mawe meusi, nzito, isiyo na rangi, ikajikusanya mabondeni kama maji. Watu huiita mazuku. Mbuzi hushuka bondeni kula majani mabichi na hapandi tena. Mtu mzima anaweza kupita hapohapo amesimama akasalimika. Mtoto hufa kwa kosa la kuwa mfupi. Ndivyo alivyokufa Alain, mdogo wake Marguerite, akiwa na miaka tisa, pamoja na mbuzi wawili.

Kwa hiyo Marguerite alijua la kufanya. Hewa mbaya hulala chini. Mtoto hupandishwa juu.

Florent alileta matofali ya simenti kutoka uani, akainua kitanda.

"Ongeza," Marguerite akasema.

Akaongeza. Kufikia saa kumi Zoé alikuwa amelala karibu na dari, kama kopo la maziwa kwenye rafu ya juu dukani.

"Sasa mazuku hata akuje na ngazi," Florent akasema, akipangusa mikono.

Kwenye korido kulikuwa na king'ora cha hewa ya sumu. Kilikuwa kimya. Kiliwahi kulia-lia kama kifaranga kuomba betri mpya, na Florent akakituliza kwa kuitoa hata ile ya zamani. Betri hiyo ilikuwa ndani ya rimoti tangu fainali za Kombe la Afrika.

Mazuku alikuja saa kumi na moja na nusu jioni, akitokea bafuni.

Hakuwa na umbo la kusimuliwa. Alikuwa wa kijivu, urefu wa goti, akitandaa polepole juu ya zulia kama maji yasiyolowesha. Marguerite alimjua papo hapo. Alisimama, kwa heshima na kwa usalama.

"Mama Zoé," Mazuku akasema. "Muko wazima?"

"Tuko. Wewe uliingia lini?"

"Ile siku mulifika. Nilikuwa mu viatu ya Papa Zoé."

Alieleza kwamba alisumbuka sana. Texas yote ni tambarare, na mtu wa kazi yake anahitaji bonde. Alitafuta miaka miwili, na shimo refu kuliko yote alilopata ni beseni la kuogea. Watu wakioga alihamia nyuma ya choo. Florent akakumbuka jinsi kiberiti kilivyokuwa kikikataa kuwaka mle ndani, naye akalaumu kiberiti. Alikasirika kidogo. Fomu za safari ziliuliza mara tatu kama kuna mtu mwingine katika familia, na mara tatu aliandika hakuna.

"Sikuya kwa ubaya," Mazuku akasema. "Ile kitu ya chumba ya mutoto, haiko kazi yangu."

"Ni ya nani?"

"Sijue jina yake. Ni ya ule moto. Mimi nalalaka chini. Ile inapandaka na joto. Nilichungulia pa mulango, chini kuko muzuri, nikajiuliza, mutoto iko wapi? Mama, mulimupandisha mu kinywa yake."

Marguerite alikuwa ameshafika kitandani. Alimshusha Zoé kama mtu anayeshusha gunia lisilo lake, kwa mikono yote miwili, bila kuuliza. Florent alifunga valvu ya gesi, akafungua mlango wa mbele na wa nyuma, baridi ikaingia kama jamaa wa karibu. Wakakaa nje ndani ya gari lililozimwa, milango wazi, mablanketi mabegani, wakapiga simu ya dharura. Zoé akatapika kwenye koti la Florent, akafumbua macho, akauliza kama kuna chipsi. Florent alilitazama koti lake kwa upendo ambao halikuwahi kupata.

Wazimamoto walikuja na kipimo. Sakafuni kililia polepole. Kwenye kimo cha kitanda kililia mpaka aliyekishika akavua glavu ili apate kukizima. Bafuni hakikulia kabisa, lakini kiberiti cha kiongozi wao kilizimika mara tatu. Alipiga goti kando ya beseni, akanusa, akainuka haraka, na kwenye fomu akaandika: hewa nyingine, ya zamani, haihusiki. Zoé alivishwa barakoa ya oksijeni, akapelekwa hospitali, akarudi kesho yake mchana akiwa mzima kabisa, na kibandiko mkononi alichokataa kubanduliwa.

Alipolala, kitanda kikiwa kimerudi chini, Marguerite aliingia bafuni, akafunika choo, akakaa juu yake.

"Ni wewe uliua Alain?"

"Ni mimi," Mazuku akajibu kutoka ndani ya beseni.

"Alisema kitu?"

"Aliinama kufunga kiatu. Aliambia mbuzi, ngoja kidogo."

Bomba lilidondosha matone kadhaa. Florent alikuwa ameahidi kulitengeneza tangu Pasaka.

"Sikusamehe," Marguerite akasema.

"Sikuomba."

"Beseni tunasafishaka Posho, saa tatu."

"Saa tatu nitatoka."

Posho ilipofika, yaani Jumamosi, akaja Nyaga, Mkenya wa Arlington, mji wa jirani, fundi wa gesi mwenye leseni na sauti ya nne kwenye kwaya ya ibada ya Kiswahili. Alikuja na hita ndogo zaidi, mpya, iliyotolewa na kwaya. Alitoa ile kuukuu, akachungulia ndani ya magogo.

"Mama Zoé, hii ni ya kuchoma mbuzi, si ya chumba ya mtoto. Ona, hapa wamefunga waya hii kitu ya kuzima moto hewa ikipungua. Wakaifunga macho. Na hii dirisha? Hata benki haina skrubu hizi zote."

"Mwenye nyumba alisema ni ya usalama," Florent akasema.

"Usalama wa nani? Wa dirisha?"

Alizing'oa moja moja, kumi na nne, akazitia kwenye kikombe cha chai aliyokwisha kuinywa. Hita mpya hakuitundika chumbani. Alipima sebule, urefu, upana na kimo, akatafuta mbao za ndani ya ukuta kwa kugonga kwa kidole, akakaza vyuma vya kushikilia hita hapo, mbali na pazia. Alipounga bomba alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye kiungo cha pili povu likavimba kama shavu la mtoto. Akakaza, akapaka tena, likatulia. Moto ulipowaka ulikuwa wa buluu, mfupi, usio na mbwembwe.

Mazuku alikuwa akitazama kutoka kwenye korido. Ilikuwa saa tano na beseni lilikuwa bado lina dawa.

"Sasa, mzee," Nyaga akamwambia, akimruka. "Si uje hapa karibu na hita kidogo. Nataka kuijaribu."

Mazuku akajivuta hadi ukutani, akajinyanyua taratibu juu ya kimo chake cha kawaida, jambo lililomgharimu. Alipofika kwenye hita, moto wa buluu ulitetemeka, ukajizima.

"Safi," Nyaga akasema. "Inafanya kazi. Rudi chini, mzee, asante."

Kisha akawapa masharti. Hita ikiwaka, dirisha liachwe wazi vidole viwili. Hakuna kulala ikiwaka. Hakuna kuanika soksi juu yake, na hapo akamtazama Florent. King'ora kirudishiwe betri.

"Na rimoti?" Florent akauliza.

"Msimame mkabadilishe stesheni kwa mkono, kama mababu zenu."

Wiki hiyo walilala vizuri kuliko wakati wowote tangu waingie nchini. Zoé alinenepa uso. Hata yale matone bafuni yalikoma, na hakuna aliyejua nani aliyekaza bomba.

Mwenye nyumba alikuwa ametia saini kwa wazimamoto kwamba ile hita kuukuu itaondolewa. Ikaondolewa. Fundi wake alikuja saa nne asubuhi, akaibeba, hakukaa kunywa chai, akavuka barabara, akaitundika chumbani kwa watoto wa familia ya Kihondurasi. Ilimchukua dakika ishirini.

Marguerite akawapelekea king'ora kipya, chenye betri. Hawakuwa na lugha ya kusemezana. Alionyesha hita, akashika kichwa, akaonyesha dirisha. Mama wa nyumba ile alimshukuru sana, akampa tamale sita, za unga wa mahindi na nyama, kwenye karatasi ya foili, za moto. Siku ya tatu Mazuku alivuka kwenda kuangalia, akarudi.

"Betri iko mu rimoti," akasema.

Florent akainamisha macho.

Ndipo Zoé, aliyekuwa na rafiki wawili wa Honduras darasani, akakaa kwenye ukingo wa beseni, miguu juu, na kumfundisha Mazuku neno moja la Kihispania la kuwaambia majirani: dirisha.

"Ventana," Zoé akasema.

"Fentana."

"Again."

Ilichukua siku mbili. Siku ya pili gari la fundi lilipita barabarani likiwa na hita nyingine tatu nyuma, zimefungwa kamba, za mtumba. Mazuku alizitazama kupitia upenyo wa chini ya mlango mpaka gari likakata kona.

Saa kumi na moja na nusu jioni Marguerite alimfungulia mlango, ingawa hakuhitaji kufunguliwa. Mazuku akashuka ngazi moja ya kizingiti, akavuka barabara chini chini, akilirudia neno lake asilisahau. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini.