Damu Iliyokubali Salamu

Kunegunda alijifungua jogoo la pili, mtoto akalia vizuri, lakini hadi jua la utosi mama mtu alikuwa bado anavuja. Kaniki ya tatu ilikwisha lowa. Midomo yake ilikuwa myeupe kama jivu la jana.

Mama yake, Walburga, ndiye aliyekuwa mkunga, na pale Songea kazi ya kuhamisha damu ilikuwa yake pia. Alijua damu ina aina zake. Ile nyekundu humfaa aliyevuja. Maji yake ya manjano humfaa aliyeungua, na maji hayo hayakuwahi kumwahidi mtu kwamba risasi haitampata. Alijua vilevile kwamba mtu hapewi damu kabla damu mbili hazijasalimiana. Mzee mmoja wa Lusewa alipewa ya haraka haraka. Akatetemeka, kiuno kikamkata, mkojo ukawa mweusi kama masizi, jioni akazikwa.

Basi akachukua kisahani cheupe. Tone la binti, tone la mama: yakaganda kama maziwa mgando. Ya majirani saba nayo yakapeana mgongo.

Mlangoni akasimama Bashiru, askari wa Mjerumani, Myao wa Namasakata. Alikuwa anatafuta wapagazi.

"Humu hamna mgongo wa kubeba mizigo yenu," Walburga alimwambia. "Na ghala letu la ulezi ulilichoma wewe. Nayakumbuka hayo masikio."

"Ni mimi, mama. Masikio ni ya babu yangu." Akatazama kisahani, akamtazama mgonjwa, akanyoosha kidole kitobolewe.

Tone lake likalisogelea la Kunegunda, yakaulizana habari za nyumbani, yakajibizana, yakawa tone moja. Walburga hakupenda, lakini alitoboa mshipa. Damu ikashuka mkononi mwa Bashiru, ikatembea juu ya mkeka ikimkwepa mtoto, ikapanda mkononi mwa Kunegunda. Walburga alimwekea binti yake kiganja kwenye paji, akingoja kuona kama atatetemeka.

"Kiuno?"

"Kizima, mama. Nina njaa."

Toka siku hiyo, tarumbeta ya boma ikilia alfajiri, Kunegunda alikuwa akisimama wima kama askari, mtoto mgongoni. Siku ya tatu Bashiru alikuja kumjulia hali, akamkuta anasema:

"Mama, damu hii inaniambia ulezi wetu haukuungua wote. Uko ghalani bomani, karibu na zizi la nyumbu wa mizigo. Wanaoula ni hao nyumbu."

Bashiru alitazama miguu yake. "Ni kweli. Ufunguo ninao mimi."

"Utafungua?" Walburga aliuliza.

"Watanitia kamba, mama."

Miti ya kunyongea Walburga alikuwa ameiona. Alimtazama binti yake akinyonyesha, mashavu yamejaa rangi.

"Basi usifungue, mwanangu. Shingo hiyo ina damu ya nyumbani kwangu. Sisi tutachemsha majani."

Kila mchana Walburga alimpelekea maji kwenye mlango wa ghala la boma, akapiga goti, akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Bashiru alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akashukuru. Nyuma ya ukuta, nyumbu walikuwa wanatafuna ulezi.