Kimbia Uonekane

Mwanga wa asubuhi ya Zurich uliingia kwa dirisha la maabara, ukalala juu ya njia nyeusi ya mbio, na ndani yake vumbi likaelea, lisijue liendako.

Juu ya njia, jicho. Jicho la kamera lisiloona ukuta wala meza. Huona kinachosogea tu, na hukiona upesi kuliko kope kupepesa. Kilichotulia, kwake, hakijazaliwa.

Chini ya jicho, kigari cha mwanafunzi Flurina, kifupi kuliko kalamu. Wiki saba amekifundisha kukimbia kwa kuongozwa na jicho hilo peke yake. Wiki saba kimefika kona ya nne na kupotea. Na leo ndiyo leo: profesa anataka raundi kumi, la sivyo njia inabomolewa, chumba wapewe wengine.

Fundi Zgraggen alikuja na bisibisi yake.

"Nakunywa chai ya saa tatu kwanza. Mkate na jibini, robo saa. Nikirudi nabomoa, binti yangu. Hicho kigari chenyewe kikifika kona ile kinanyata kama mwizi wa kuku."

Kinanyata. Flurina alitaka kukasirika, akaduwaa. Ni yeye aliyekiamuru kinyate. Kila kilipopotea alikipunguza mwendo, na kadiri kilivyokwenda polepole ndivyo jicho lilivyozidi kutokiona. Wiki saba alikuwa akilipofusha kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa huruma. Aliona haya, kisha haya ikamtoka, ikabaki nia.

Akaifuta amri ya breki. Kimbia, wewe. Kimbia uonekane.

Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne kikaingia kwa kasi ambayo macho yake mwenyewe hayakuiweza. Mkia ukayumba, jicho likakishika, kikatoka. Kimbia uonekane. Raundi mbili. Raundi tano. Akaikalia mikono yake asikiguse. Raundi tisa.

Zgraggen alirudi akipangusa makombo ndevuni.

"Haya, kisimamishe nianze."

"Hiyo raundi ya kumi na mbili, mjomba. Kamwite profesa."

"Kwani wewe huna miguu?"

"Ninayo. Ila hapa sing'oki."

Fundi alikitazama kigari kikipita kona ya nne, mara moja, mara ya pili. Akaitia bisibisi mfukoni, akatoka mbio, yeye ambaye katika jengo lile hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.