Karani Hakubali Mtu Abaki Nyuma

Mbwa yule aliitwa Karani kwa sababu alijua kuhesabu watu. Wenye elimu zao wakicheka, shauri yao. Miaka tisa alipanda mlima kila Jumamosi na wanawake sita wa mtaa mmoja, na mmoja wao, mkunga, mnene wa mwili na wa maneno, alikuwa habanduki mkiani mwa msafara. Basi Karani akajifundisha mwenyewe: walioingia lango la mlima ndio watakaofika. Mmoja akikosekana, mbwa anakaa kitako katikati ya njia, na hata umwite kwa nyama haendi.

Katika wale sita alikuwa amebaki mmoja tu, fundi cherehani, mwenye mbwa. Wawili walishazikwa, wengine magoti yaliwasaliti, na mkunga alihamia kwa binti yake ghorofa ya tisa, ambako mlima anautazama dirishani kama picha ya kalenda. Fundi alikuwa na miaka sabini na mmoja, na Jumamosi ikifika bado alifunga kamba za viatu.

Mwezi uliopita aliteleza mlimani, akaumia kifundo cha mkono. Wiki mbili cherehani ilikaa kimya. Mwanawe wa kwanza akaja, akaitazama bandeji, akamtazama mbwa, akatoa hukumu. Huyu mwana kazi yake ni kukagua lifti: anapanda ghorofa ishirini kwa siku bila kukunja goti, na ndiyo maana, mama yake alisema, tumbo linamtangulia kufika kazini. Akasema mbwa ndiye anayemtoa mama nyumbani. Mbwa akiondoka, mlima utasahaulika. Tena ameshaongea na mlinzi wa ghala la saruji, anayetafuta mbwa.

Fundi hakulia wala hakubembeleza. Alimaliza kukunja pindo la suruali aliyokuwa nayo mkononi, akakata uzi kwa meno yaliyobaki, ndipo akatoa sharti. Jumamosi atapanda na Karani mpaka Jiwe la Juu, na watarudi kabla lango halijafungwa saa kumi na moja. Wakiweza, mbwa anabaki. Wakishindwa, mlinzi wa ghala amchukue hapo hapo langoni. Mwana akakubali haraka, ila naye akaongeza lake: watapanda wote, ajionee kwa macho yake, asije akaletewa hadithi.

Hapo fundi alijichimbia shimo mwenyewe, na hakulijua mpaka walipovuka daraja la mbao.

Waliingia saa tatu asubuhi. Bawabu aliandika kwenye daftari lake: watu wawili, mbwa mmoja. Fundi alishika mwendo wake wa kila siku, wa mtu aliyekula chumvi nyingi na hana haraka ya kuimaliza. Baada ya daraja akasikia kamba ya mbwa imekaza. Karani amekaa. Fundi akageuka, asimwone mwanawe. Akangoja. Baadaye sana mkagua lifti akatokea kwenye kona, ndani ya viatu vya ofisini, anahema kama mvukuto, shati limemganda mgongoni. Mbwa akamnusa, akaridhika, akainuka. Hatua mia mbili mbele, akakaa tena.

Fundi akaelewa. Ili amshinde mwanawe, ilimbidi kwanza amfikishe juu.

Akamwokotea fimbo. Akampa maji. Akamfundisha mwendo wa mkunga, hatua arobaini kisha pumzi kumi, na kila akichoka alimkumbusha kwamba alimbeba mgongoni mwaka mzima na hakuwahi kulalamika kuhusu uzito. Kwenye kiti cha mawe, nusu ya njia, mwana akajitupa chini. Akavua kiatu, akalitazama lengelenge, akamtazama mama yake, na uso wake ukachangamka kama mtu aliyeona mlango wa nyuma.

"Mama, mimi nimekaa," akasema. "Nikikaa hapa mpaka jioni, mbwa ameondoka. Na hakuna sharti nililovunja."

"Kaa, baba," fundi akasema, naye akaketi kando yake. "Lakini ulishaniuliza niliangukaje?"

Hakuwahi kuuliza. Alidhani anajua.

Basi akamwambia. Siku ile Karani alikaa njiani, mbele ya jabali lenye utelezi. Walikuwa wawili tu, hakuna aliyebaki nyuma. Alikaa kwa ajili ya fundi mwenyewe, hakutaka apite. "Nikamruka. Kwa kiburi changu nikamruka, nikaenda chini kama gunia. Sasa mpeleke huko kwenye saruji. Jumamosi ijayo nitapanda peke yangu, na hakutakuwa na wa kunikalia njiani."

"Hutapanda, Mama."

"Utanifunga mnyororo? Huo wa mbwa, au na mimi umeninunulia wangu?"

Mwana alichana leso yake, akafunga lengelenge, akavaa kiatu. Kisha akasimama, na mbwa akasimama.

Walifika Jiwe la Juu jua limeshapinduka. Mkagua lifti alilishika lile jiwe kwa mikono miwili kama anayeogopa litaondoka. Akageuka kuutazama mji, akatafuta majengo yake marefu, yale anayoyapanda kila siku, akayakosa. Yote yalikuwa sawa na njiti za kiberiti.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Karani alikaa mara kumi na tisa. Mara ya kumi fundi aliangalia saa, akaacha kuiangalia.

Walipofika langoni ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Bawabu alikuwa amesimama na ufunguo, mlinzi wa ghala amekaa juu ya tangi la maji, mnyororo mapajani. Bawabu akaandika: wamechelewa. Mwana akasoma neno lile juu ya bega lake, akakohoa.

"Mama," akasema polepole, "asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Basi mimi si mshindani," fundi akasema. "Mimi ni mama yako. Nimeshindwa, imeandikwa, na mbwa simtoi."

Akamgeukia mlinzi wa ghala, akampa pole kwa kumkalisha bure, akamshauri saruji yake ailinde kwa macho yake mwenyewe, maana anayo mawili. Akaivuta kamba, akapita katikati yao. Nje ya lango Karani huwa amefunga hesabu. Alimfuata bibi yake bila kumngoja aliyebaki.

Mlinzi akamtazama mwana, mnyororo mkononi, akingoja aambiwe amkimbilie mbwa. Mkagua lifti akamwomba tu ampishe kwenye lile tangi, akae avue viatu.