Ya Mbali au ya Karibu

...ya mbali au ya karibu, ananiuliza tena, kama kondakta wa basi, ya mbali kaka, nilishasema ningali mlangoni, ya bei nafuu na inayopiga mpaka ng'ambo ya bonde, lakini huyu Yassir ukimwambia kitu ni kama unamwambia ukuta, ameshapanga tochi zake zote juu ya kabati la kioo, nyekundu, nyeusi, ya kijani yenye kamba ya kuvaa mkononi, anaiwasha hii anaizima, anaiwasha ile anaizima, mchana kweupe, nje jua la Tunduma limewaka na malori yamejaa mpaka mpakani, na mimi mtu mzima nimekodoa macho ukutani natafuta kiduara cha mwanga kama kuku anayetafuta mchwa... "Mamangu, hii ni LED, siyo yale mabalbu yenu ya zamani, ukiiwasha hapa mtu wa Nakonde kule Zambia anaziba macho," na anacheka, mimi sicheki, maana ni maneno yale yale aliyonipa siku niliyonunua hii ninayomrudishia leo, mpaka Nakonde, mpaka Nakonde, na Jumapili ikanizimikia mtoni, hata mlangoni kwangu haikufika, lakini ndiyo Tunduma hiyo, kila kitu kinalipiwa ushuru isipokuwa mdomo. Naiweka mbele yake. Izibe basi macho ya watu wa Nakonde, nasema, mimi nina mzee mmoja tu kijijini Ikinga anataka kuona mwanga wangu, na haujamfikia. Anaichukua, anafungua mkia wake, betri za kuchaji zinamdondokea kiganjani, anazipuliza, anazichomeka kwenye kipimo chake, "ngoja tuone tatizo, mama, kaa hapo," nakaa wapi, kiti chenyewe kimekaliwa na katoni, na mama mmoja wa Zambia ameshaingia nyuma yangu na kitenge chake kizuri, ameshika tochi ya kufunga kichwani, "shinga iyi?" na Yassir anamtajia bei kwa kwacha, wanaanza kuvutana, haya, vutaneni, mimi nangoja, sisi watu wa kwetu kungoja tumefundishwa.

Tumefundishwa kweli, maana kwetu mgeni akiaga jioni haishii kusindikizwa mlangoni kama kwa watu wa mjini, unamshusha mpaka mwanzo wa mteremko, kisha unarudi uani kwako unasimama, yeye anateremka, anavuka mto, anapanda upande wa pili, akifika mlangoni kwake anageuka, anazungusha mwanga hewani, nimefika, na wewe wa huku unainua taa yako juu, nimekuona, lala salama, zamani kilikuwa kijinga cha moto, baadaye chemli, sasa tochi, na baba yangu, mzee Gwakisa, anasema mgeni hajaondoka kwako mpaka amefika kwake, anasema hivyo na ana sababu, kwa kuwa dada yake, shangazi Andongwisye, aliaga jioni ya mvua, na baba alikuwa ametoka kulima, amechoka, akasema huyu anaijua njia, akaingia kulala bila kungoja mwanga, asubuhi ndipo walipomkuta shangazi chini ya daraja la magogo, na kanga yake imenasa kwenye matete... tangu hapo mzee haingii ndani. Sisi watoto wake tumekua tukimwona mgongo wake uani, koti lile la rangi ya udongo, ukungu unapanda, yeye kasimama. Na mimi nikaolewa ng'ambo ya mto huo huo, nikawa mgeni wa kila Jumapili, nakuja baada ya kanisa, napika, nafua, jioni naaga, na kila Jumapili nikifika mlangoni kwangu nazungusha tochi na taa ya baba inapanda juu, inashuka, na mimi ndipo navua viatu. Ilikuwa hivyo. Ilikuwa hivyo mpaka akaanza kulalamika, Tabita, tochi yako imechoka, jana nimesimama mpaka miguu imekufa ganzi, wifi yangu Jenista, mke wa kaka anayekaa naye, ndiye aliyemvuta ndani, na kifua chenyewe kile, akikohoa unadhani mtu anapasua kuni, nikasema ni betri, nikazianika juu ya bati pamoja na kahawa, nikazing'ata kwa meno kama tulivyofundishwa, bado, akasema bado, nikanunua betri mpya, bado, nikaacha tochi ya balbu nikanunua ya LED ndogo, "hiyo nayo ni kimulimuli, mwanangu," nikanunua hii ya kuchaji, kubwa, mkono mzima... Nilimwambia, baba, si nipige tu simu ya Jenista, mtandao ukikubali, akakataa katakata, akasema kwenye simu mtu anaweza kukwambia amefika kumbe yuko kinywani mwa fisi, mwanga hausemi uongo, Tabita, mwanga ukiwaka mlangoni kwako basi uko mlangoni kwako.

"Ninayo ya karibu pia, mama, ile pana, inaenea chumba kizima," sitaki pana, kaka, pana ya nini, nataka inyooke kama mkuki ivuke bonde, na mama wa Zambia anacheka, "bamayo, mwanaume wako yuko ng'ambo?" baba yangu, namwambia, na anaacha kucheka, ni mtu mwenye adabu, anamshukuru Yassir, natotela, na anaondoka na tochi yake kichwani, imewaka, mchana huu, haya... Yassir anageuka na betri zangu mkononi. "Mamangu, hizi nzima. Hazijafa. Ziliisha chaji tu, huko ulikochajia walikudanganya. Ilizima lini?" Jumapili, nasema. "Ilizima ukiwa wapi?" Mtoni, nimeanza kuvuka, sijapanda hata hatua, nikapanda gizani kwa kupapasa, nikafika mlangoni sina cha kuzungusha, nikabonyeza, nikaipiga kwenye goti, hakuna kitu, nikaitukana tochi na wewe nikakutukana pia, kaka, nisamehe, na anacheka tena, "basi haikuwaka kabisa," haikuwaka kabisa, nasema...

Haikuwaka kabisa. Sasa baba aliona nini? Maana Jumatatu asubuhi Jenista alinikuta kwenye mashine ya kusaga, ninakosaga kila Jumatatu, mashine inanguruma, unga unaruka, akanipigia kelele sikioni, wifi, tochi hiyo usiibadilishe, baba jana kauona mwanga wako vizuri kabisa, kasema sasa hiyo ndiyo tochi, kaingia kulala mapema, na mimi nikacheka, nikasema moyoni afadhali, ameona pikipiki ya mtu huko mlimani akadhani ni mimi, mradi amelala... Pikipiki gani, Tabita. Njia ile hata baiskeli huibeba mwenyewe begani. Pikipiki gani. Nilisimama pale nikakubali pikipiki kwa sababu niliitaka, na chai je, chai aliyoimimina baba nje ya kikombe mbele yangu akasema kikombe hiki kimekaa vibaya, na Jenista anavyosugua kioo cha chemli kila jioni kwa sababu mzee anasema kina masizi, na kumbe kinang'aa, na mafuta ya taa yamechakachuliwa, na mwezi wa siku hizi hauna nguvu, mwezi jamani, tukacheka wote, tukasema wazee nao, kila kitu cha zamani kilikuwa bora, hata mwezi, na ile ya kunyamaza nikiingia uani mpaka niseme hodi, ndipo uso unafunguka, Tabita mwanangu, karibu, alikuwa anangoja sauti. Anangoja sauti yangu. Tochi zangu zote zilikuwa nzuri, hata ile ya kwanza, hata ile ya kung'ata betri, hapakuwa na tochi mbovu hata moja, ni macho ya baba yanazimika na mimi nahangaika na maduka. Ee Mungu. Baba haoni.

Na anajua. Anajua, maana mtu asiyejua angesema sijauona, kama alivyozoea, lakini Jumapili ile nilimwambia wakati naaga, nilisema kwa kumhurumia lakini nilisema, baba, hii ndiyo tochi kubwa kuliko zote, kama na hii hutaiona basi nitaacha kuja Jumapili, sitaki ufe na baridi kwa ajili yangu, na yeye akakuna kidevu, akasema nitaiona, mwanangu, leo nitaiona... Leo nitaiona. Akaogopa kupoteza Jumapili zangu, akaona bora aseme uongo, yeye aliyenifundisha kuwa mwanga hausemi uongo. Akaingia ndani mapema. Akalala kitandani na hajui kama nimefika au niko chini ya magogo, yeye, baba yangu, wa shangazi Andongwisye, amelala na magiza mawili, la usiku na la macho yake, anasikiliza mto, usiku kucha, na asubuhi hiyo hiyo akamtuma Jenista mashineni na debe la mahindi wakati unga ndani haujaisha, nilishangaa, nikamuuliza, wifi mbona mmesaga juzi tu, akasema sijui, baba kasisitiza, kasema nikusalimie kwanza kabla sijashusha debe. Kabla sijashusha debe. Alimtuma aje aone kama niko hai. Najisikia vibaya, najisikia vibaya sana, machozi yananijia mbele ya huyu kijana wa watu na tochi zake, najifuta kwa ncha ya kanga, nasema ni vumbi, na Tunduma vumbi lipo, haulizi.

Ameichukua nyingine, nyeusi, ndefu, anapiga ukutani, kiduara kile kile cheupe kwenye rangi iliyobanduka, "hii sasa, mama, hii ni kiboko, ikishindwa hii hakuna tena," na anasema kweli bila kujua, hakuna tena, hata akinipa taa ya mbele ya lori lile nikaisimamisha mlangoni kwangu, uani kwa baba kutakuwa giza, na yeye atasema nimeiona, mwanangu, nzuri sana, na atakwenda kulala macho. Nitampeleka Mbeya kwa daktari wa macho, nitampeleka hata akisema ni ukungu tu, hata daktari akisema tumechelewa, lakini Jumapili ndiyo ya karibu kuliko Mbeya, na Jumapili mimi sivuki mto, mume wangu atakula kiporo siku moja, hakuna aliyekufa kwa kiporo, nitabaki pale, jioni ikiingia mzee atasimama uani kwa mazoea na mimi nitasimama ubavuni kwake nimshike mkono, nimwambie baba, mgeni amefika, twende ndani, kuna baridi. Nitajua la kusema? Sijui. Nikisema najua haoni nitamvua nguo, na nikinyamaza ataendelea kusimama... Nitamshika mkono tu, mkono unasema wenyewe. "Mamangu, amua, wateja wanangoja, ya mbali au ya karibu?" na kidole chake kiko kwenye swichi, anaiwasha anaizima, jua bado liko pale pale mlangoni, lori lile halijasogea.

Ya karibu, nasema. "Lakini si umesema..." Ya karibu, kaka, ile pana, ya kumulika uani watu wawili wakitembea pamoja, na hizo betri nichajie hapa hapa zijae.