Mate Kwenye Mirija ya Shangazi

Maabara ile ilikuwa na watu wawili na mashine mbili, na ukiwasikiliza wale watu ungedhani mashine ndizo zenye mdomo.

Mkuu alikaa ghorofani na kompyuta yake. Chini alikaa Fundi, mgane wa mwaka wa sita, ambaye watoto wake walimpigia simu sikukuu kwa sikukuu. Kazi yake ilikuwa kuandaa sampuli na kuilisha mashine ya kusoma vinasaba, kubwa kama friji, aliyoibatiza Shangazi kwa kuwa ilinguruma kutwa na haikukubali kuharakishwa.

Ndipo akaja Mgeni: mashine mpya, ndogo kama kiberiti kilichoshiba. Mkuu akatoa amri. Bakteria walewale wasomwe na zote mbili, itakayoshindwa iondoke.

Uwapime kama wanafunzi wawili waliopewa kitabu kimoja. Shangazi hukichana vipande vidogo, akasoma kila kipande bila kukosea herufi, halafu kompyuta ikahangaika kuviunga. Mgeni husoma sura nzima kwa pumzi moja, akijikwaa hapa na pale kama mtu aliyeamshwa ghafla asome risala.

Mirija ya sampuli za Mgeni, Fundi aliiandaa kwa ukimya wa msibani. Ya Shangazi aliiandaa kama siku zote, barakoa ikining'inia kidevuni.

"Jana nimeunguza maji, Shangazi. Maji! Sufuria imekauka mimi nikitazama dirisha."

Shangazi alinguruma. Fundi akaridhika na jibu.

Jumatano Mkuu akashuka chini, jambo la nadra kama kupatwa kwa jua.

"Mzee wangu, Shangazi wako amekwisha. Kila vipande mia alivyosoma, vitatu ni vya binadamu. Mgeni hana hata kimoja."

"Binadamu gani?"

"Mwanamume. Mashine imechafuka ndani. Ijumaa gari linakuja kuichukua."

Fundi aliishika barakoa yake pale kidevuni. Angeweza kunyamaza; kwa kunyamaza alikuwa na shahada ya uzamivu. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Shangazi hana kosa, Daktari. Hayo ni mate yangu."

"Unakohoa?"

"Naongea."

"Na nani?"

Fundi akaelekeza kidevu kwenye mashine. Mkuu hakucheka. Afadhali angecheka.

"Na Mgeni je?"

"Bado hatujazoeana."

Wakarudia jaribio. Mkuu alisimama kando kama msimamizi wa mtihani, na Fundi, barakoa imembana hadi chini ya macho, hakutoa hata chafya. Shangazi akatoka safi kama bweni siku ya ukaguzi. Ripoti ikaamua zote mbili zibaki: Shangazi amsahihishie Mgeni herufi, Mgeni amwonyeshe Shangazi vipande vyake vinaungana wapi. Walikamilishana kama wanandoa wa miaka mingi.

Ukutani pakabandikwa tangazo: MARUFUKU KUONGEA HAPA. Lilimhusu mtu mmoja.

Jioni ile Fundi alichemsha maji na hayakuungua. Alikunywa chai ya moto, yenye sukari sawasawa. Habari njema kabisa. Asubuhi aliibeba hadi maabara, akaketi mbele ya Shangazi, akavuta barakoa juu. Shangazi akanguruma, akisubiri.

Fundi akafunga mirija, mmoja baada ya mwingine, na habari yake akarudi nayo nyumbani.