Mteja Haamshwi

Kwa miaka miwili binti huyu alikunja taulo hadi wenzake wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakawa wanamwita Taulo. Alikuwa na cheti cha urembo wa ngozi, kimetiwa fremu na kutundikwa sebuleni kwao juu ya televisheni, lakini kwenye spa ile cheti hakikumfikisha mbali zaidi ya chumba cha kufulia. Chumba cha uso, chenye kitanda cheupe na mashine ya mvuke, kilikuwa cha mwenye koti la kijani. Taulo alilitaka koti hilo kuliko mume. Alishapanga: akipata koti atapata wateja, na akipata wateja, siku moja atafungua chumba chake mwenyewe, na hakuna atakayethubutu kumwita Taulo.

Spa yenyewe ilikuwa tawi la kampuni kubwa yenye matawi mengi. Yote yalipakwa rangi moja, yakapuliziwa harufu moja, yakapigiwa muziki mmoja wa maji yanayotiririka, ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuwapeleka wateja chooni. Wafanyakazi walinong'ona tangu asubuhi hadi jioni, kwa amri. Taulo alizoea mno, akawa ananong'ona hata kwao.

"Mbona unaongea hivyo?" mama yake alimuuliza wakiwa mezani. "Kuna maiti humu ndani?"

"Ndio utaalamu, mama."

"Basi paza sauti, mtaalamu. Mimi sijalipia."

Juu ya amri zote palikuwa na moja iliyoandikwa ukutani mwa kila chumba kwa herufi za dhahabu: Mteja haamshwi. Mteja akipitiwa na usingizi, hiyo ni heshima kwa kampuni. Akikoroma, heshima maradufu. Meneja, mwanamke aliyetembea kwa ncha za vidole hata sokoni, alikuwa na kawaida ya kutega sikio mlangoni, na akisikia mkoromo alifumba macho kama anayesikiliza kwaya. Maski ikikauka kwenye uso wa anayekoroma je? Hilo halikuandikwa popote. Waliotunga amri hawakuwahi kuosha uso wa mtu.

Ikaja siku ya mkaguzi kutoka makao makuu. Mwenye koti la kijani aliposikia kwamba mkaguzi atalala kwenye kitanda chake, tumbo likamuuma ghafla, akaenda zake nyumbani. Meneja akaangaza huku na huku, roho juu, macho yakamwangukia Taulo na lundo lake.

"Wewe una cheti?" alinong'ona.

"Ninacho, dada. Tangu siku niliyoajiriwa."

"Vaa koti."

Mkaguzi ndiye aliyetunga ile amri ya dhahabu, na hakuacha kuwakumbusha. Alijilaza. Taulo akamsafisha uso, akamkanda, akampaka maski ya kung'arisha, ile kali ambayo hukaa kidogo tu kisha huoshwa. Kabla hajageuka, mkaguzi alishaanza kukoroma. Nje ya mlango, Meneja alishusha pumzi ya furaha.

Muda wa kuosha ukafika. Taulo alichukua taulo yenye maji ya uvuguvugu, lakini mkono ukabaki hewani. Pembeni mwa maski ngozi ilianza kuiva. Alijua kabisa la kufanya. Chuoni walifundishwa hilo mapema kuliko yote. Ila akimgusa ataamka, na akiamka, koti litarudi kwa yule aliyeumwa tumbo. Alitazama ukuta. Akaiweka taulo chini. Hapo ndipo binti wa watu alipouza utaalamu wake, kwa bei ya koti.

Mkaguzi aliamka mwenyewe. Maski ikabanduka, na chini yake ukatokea uso uliovimba na kuiva kama nyanya. Akajitazama kwenye kioo, akamtazama Taulo, akaitazama amri yake ukutani. Kulalamika kungemaanisha kwamba amri ina kasoro, na kwenye kampuni ile amri hazikuwa na kasoro. Wenye kasoro walikuwa wateja na ngozi zao.

"Mng'ao," alinong'ona hatimaye, machozi yakimlengalenga.

"Mng'ao!" Meneja akaitikia, mikono kifuani.

Jioni ile Taulo alipewa koti likawa lake. Haukupita muda, Mng'ao ukawa huduma mpya kwenye matawi yote, na yeye akawa Mtaalamu Mkuu. Wateja walitoka wameungua, wakaambiwa wamechanua, wakarudi na mashoga zao. Kichwa kikamvimba. Aliwafundisha wengine, na mtu akiuliza habari ya kuosha, alimwonyesha ukuta. Chumba cha kufulia kikapata binti mwingine, naye na cheti chake. Wote walimwita Taulo. Aliyeanza kumwita hivyo ni Mtaalamu Mkuu.

Kisha makao makuu wakataka picha za matangazo. Mtaalamu Mkuu atauzaje Mng'ao ilhali yeye mwenyewe hajang'aa? Mkaguzi alikuja na habari hiyo kwa miguu yake, mashavu yakiwa bado yamebabuka chini ya poda.

"Na ulale kweli," alimwambia, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Tutakuwa hapa nje, tunasikiliza."

Mtaalamu Mkuu akapanda kitandani. Taulo mpya akaazimwa koti, akampaka maski kwa mkono mwepesi. Mlango ukafungwa. Ikabidi Mtaalamu Mkuu afumbe macho na kuanza kukoroma.

Muda wa kuosha ulipofika hakuhitaji saa, mashavu yalimwambia. Yalianza kuwasha, kisha yakawaka moto. Alisikia taulo ikikamuliwa, maji yakidondoka kwenye beseni, na pumzi za binti zikisogea karibu na uso wake. Aliogopa, akaona aibu, vyote kwa pamoja. Niguse, mdogo wangu, alimwomba moyoni. Niguse tu.

Akasikia taulo ikiwekwa chini.

Machozi yakampenya chini ya maski. Na kwa kuwa nje walikuwa wametega masikio, alijikaza, akakoroma kwa nguvu zaidi.